Risasi za Mwendo Mdogo Kwenye Bunduki ya .22 ya Bei Nafuu: Kwa Nini Zinakwama?

SWALI: "Nilikulia Kitale, na sasa ninaishi nje ya mji mdogo jimboni Iowa, Marekani, kwenye ekari tatu. Sungura wananimalizia sukuma wiki. Mwezi uliopita nilinunua bunduki kuukuu ya .22 (yaani kipenyo cha kama inchi 0.22) aina ya Marlin Model 60 kwa dola 140. Kwa kuwa sikutaka kuwasumbua majirani wala kumtisha mbwa wetu, nilinunua risasi za CCI Quiet-22, ambazo boksi lake linaonyesha mwendo wa futi 710 kwa sekunde. Nimeanza kwa kulenga karatasi. Nikifyatua, mara ganda tupu la risasi husimama wima kwenye mlango wa kutolea maganda kama bomba la moshi, mara boliti (kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kupakia risasi) hujifunga bila kuleta risasi mpya, nikibonyeza tena nasikia 'tik' tu. Juzi mlio mmoja ulikuwa hafifu kuliko mingine, na sikuona tundu jipya kwenye karatasi. Rafiki mmoja ananishauri nikate springi mapindi mawili; mwingine anasema risasi dhaifu huua bunduki. Je, nimeuziwa bunduki mbovu? Na nifanye nini ili nipate ukimya bila kukwama?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza kuhusu kukwama, lakini mimi nimesimama kwenye ule mlio hafifu, na hapo ndipo tutakapoanzia. Usifyatue bunduki hiyo tena mpaka uhakikishe kwamba mtutu uko wazi. Huenda hapakuwa na lolote, huenda risasi ilipita pembeni ya karatasi tu. Lakini mlio dhaifu pamoja na tundu lisiloonekana ndizo dalili mbili za risasi iliyobaki ndani ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake, hewa na moto wa baruti havina pa kutokea, na mtutu huvimba au hupasuka ukiwa sentimita chache tu kutoka mkono wako wa kushoto.

Kwanza ondoa risasi zote, na kwenye Marlin 60 jambo hili linahitaji subira kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu. Elekeza mdomo wa bunduki mahali salama, chomoa lile bomba jembamba la ndani, kisha inamisha bunduki ili risasi ziteleze nje. Wengi huishia hapo, nao wanakosea. Risasi moja au mbili zinaweza kuwa zimekwisha kutoka kwenye bomba na zimelala kwenye koo la kulishia, kati ya magazini na chemba (nafasi inamolala risasi iliyo tayari kufyatuliwa), mahali usipopaona. Vuta boliti mara nne, mara tano, hata kama hakuna kinachotoka, halafu uishikilie nyuma, uangalie ndani kwa mwanga wa tochi na uingize ncha ya kidole kidogo uguse chemba.

Baada ya hapo chukua ufito wa kusafishia na uuingize taratibu kupitia mdomo wa mtutu, kwa kuwa mtutu wa bunduki hii hausafishwi kwa nyuma kwa urahisi. Ukifika mwisho, weka alama ya utepe kwenye ufito pale mdomoni, uuchomoe, kisha uulaze kando ya mtutu kwa nje. Ncha yake ikifika usawa wa chemba, mtutu uko wazi. Ikiishia njiani, acha hapo hapo. Usiipigie nyundo risasi iliyonasa, na usidhani kwamba risasi nyingine "itaisukuma". Mpelekee fundi wa bunduki. Kwake ni kazi ya dakika chache.

Sasa tuingie kwenye wasiwasi wako wenyewe. Kwa maelezo uliyonipa, hujauziwa bunduki mbovu. Marlin 60 ilianza kutengenezwa mwaka 1960, na zimetoka zaidi ya milioni kumi; ni bunduki ambayo vijana wengi wa mashambani Marekani wamejifunzia shabaha. Bei yake ndogo ilitokana na utengenezaji rahisi, wala si udhaifu wa kazi yake. Hata hizo risasi zako hazina kosa. Zilitengenezwa kwanza kwa bunduki za kuvutwa kwa mkono, na mtengenezaji mwenyewe hueleza kwamba kwenye nusu-otomatiki, yaani bunduki inayojipakia yenyewe kama yako, mpigaji atalazimika kuvuta boliti mwenyewe. Kilichotokea ni kwamba vitu viwili vizima vimekutanishwa mahali ambapo havikupangiwa kukutana.

Ili uone sababu, inafaa ujue kwamba bunduki yako haina kufuli. Bunduki kubwa huifunga boliti kwa meno ya chuma wakati risasi inapolipuka, lakini .22 ya nusu-otomatiki haifungi kitu. Nyuma ya ganda pana boliti yenye uzito wake, na nyuma ya boliti pana springi nyembamba inayoisukuma mbele, basi. Baruti inapowaka, ile nguvu inayoirusha risasi mbele ndiyo hiyo hiyo inayolisukuma ganda nyuma, nalo ganda huisukuma boliti. Kwa kuwa boliti ni nzito mara nyingi kuliko risasi, huchelewa kuanza safari, na kufikia wakati inapofunguka vya kutosha risasi imekwisha kutoka mtutuni na nguvu imeshuka. Ganda lako tupu ndilo pistoni, na mafuta ya injini hii ni zile punje za baruti ulizozinunua dukani. Ukinunua baruti kidogo, umenunua msukumo mdogo.

Tufanye hesabu kidogo. Risasi ya .22 ya mwendo mkubwa, kama CCI Mini-Mag, ina uzito wa gramu 2.6 na huenda futi 1,235 kwa sekunde, yaani kama mita 376. Tuuite msukumo wake mia moja. Ile inayoitwa ya mwendo wa kawaida, yenye uzito huo huo na mwendo wa futi 1,070, inatoa kama 87. Hiyo yako ya futi 710 inatoa 57 au 58. Ukiona hivyo utasema, "Basi boliti ingerudi zaidi ya nusu ya njia." Hapana, na hapa ndipo hesabu inapowadanganya wengi. Kazi ya kuibana springi na kuikunja nyundo (kile kipande cha ndani kinachopiga ili risasi ilipuke) haifuati msukumo wenyewe, hufuata mraba wake, kwa hiyo boliti iliyopewa 57 inabaki na takriban theluthi moja tu ya nishati iliyokuwa nayo ile ya mia. Haya ni makadirio, kwa kuwa hewa ya baruti nayo ina mchango wake, lakini yanatosha kueleza unachokiona.

Katika safari yake ya kurudi nyuma boliti ina kazi tatu: kulitupa nje ganda tupu, kuikunja nyundo, na kufika nyuma kabisa ya risasi inayofuata ili ikirudi mbele iikokote kuingia chembani. Ganda linaposimama kama bomba la moshi, maana yake lilichomolewa ila halikutupwa kwa kasi ya kutosha, mlango ukalibana kabla halijatoka. Unaposikia "tik", boliti ilikwenda mbali kiasi cha kukunja nyundo lakini haikuifikia risasi inayofuata, kwa hiyo ulipiga chemba tupu. Na siku ukibonyeza kifyatulio kikawa kimelegea kama hakijaunganishwa na kitu, ujue hata nyundo haikukunjwa. Utaona basi kwamba bunduki yako inakueleza vizuri tu mahali safari ilipokatikia.

Lakini chukua tahadhari hapa. Baada ya kukwama, hujui kilichomo chembani. Inaweza kuwa tupu, inaweza kuwa na ganda, inaweza kuwa na risasi nzima na nyundo imekunjwa tayari. Ukisikia "tik", usikimbilie kufungua. Elekeza mdomo mahali salama, hesabu sekunde thelathini, kwa kuwa fataki, ile kemikali ya kuwashia baruti iliyo ukingoni mwa ganda, wakati mwingine huchelewa kushika moto, ndipo uvute boliti ukiwa umegeuza uso pembeni ya mlango. Na macho yasikose miwani.

Kuhusu rafiki anayesema risasi dhaifu huua bunduki: chuma hakichoshwi na shinikizo dogo. Alichokiona, nadhani, ni uchafu. Okota ganda moja la Quiet-22 na jingine la mwendo mkubwa uyaweke sambamba kwenye kiganja. Mara nyingi lile la kwanza utalikuta na masizi meusi yaliyopanda ubavuni, na la pili likiwa safi. Ganda la shaba linapaswa kutanuka na kuibana chemba ili moshi usirudi nyuma. Shinikizo likiwa dogo, halitanuki sawasawa, na moshi unapita kando yake. Masizi hayo yakichanganyika na ile nta inayopakwa kwenye risasi za .22 hufanya kitu kama gundi nyeusi. Baada ya mia moja au mia mbili chemba inakuwa nyembamba, ganda halichomoki kwa wepesi, na mtu anasema bunduki imekufa, kumbe inataka brashi na kitambaa.

Rafiki wa springi ndiye anayenitia hofu zaidi. Springi hiyo ina kazi mbili, na yeye anaiona moja. Ni kweli kwamba ikiwa fupi, boliti itarudi nyuma kwa wepesi zaidi. Lakini ni springi hiyo hiyo inayoirudisha mbele, iichomoe risasi mpya, iisukume mpaka ndani na kuishikilia pale inapolipuka. Ukiikata, utaondoa kukwama kwa aina moja na kujipa kwa aina nyingine. Kisha siku utakapotia risasi ya mwendo mkubwa, kwa kusahau au kwa kukosa nyingine, boliti itakwenda nyuma na kugonga kwa nguvu kile kipande cha plastiki kilichowekwa kuipokea. Niliwahi kuletewa bunduki ya namna hii: springi imefupishwa kwa koleo, plastiki imepasuka vipande vitatu, na alama ya boliti imechimbika kwenye chuma laini nyuma yake. Mwenyewe alikuwa ameokoa dola tatu za springi.

Ufanye nini, basi? Kwanza isafishe, maana bunduki kuukuu ya dola 140 mara nyingi ina masizi ya wamiliki watatu. Chemba, koo la kulishia, uso wa boliti na zile kucha mbili zinazoshika ganda. Ondoa mafuta ya zamani yaliyoganda, upake mapya kidogo sana, yaliyo mepesi. Mafuta mengi huvuta uchafu, na kwa baridi ya Iowa huwa mazito kama asali, jambo linaloiibia boliti nguvu ile ile ambayo tayari ni chache. Bomba la magazini lifute kavu, lisipakwe chochote. Na usisahau springi ya kwenye bomba: ikiwa imechoka, risasi haziinuki kwa wakati, na utailaumu baruti bure.

Ikisha kuwa safi, ijaribu na boksi la mwendo mkubwa. Ikipiga hamsini bila kukwama, mashine ni nzima, na linalobaki ni uchaguzi wa risasi. Ikikwama hata na hizo, tatizo si ukimya, na aya zinazofuata hazitakusaidia mpaka fundi aione.

Jaribio la pili liwe la risasi za mwendo wa kawaida, zile za futi 1,070. Mimi ningeanzia hapa kwa mtu mwenye haja kama yako. Bunduki nyingi za aina hii huzila bila shida, ingawa si zote, na mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kutofautiana. Hizi ziko chini ya mwendo wa sauti, ambao hewani kwenye nyuzi 20 za Selsiasi ni mita 343 kwa sekunde, sawa na futi 1,125. Risasi inayouzidi mwendo huo huacha nyuma yake mlio mkali kama wa mjeledi, unaoifuata njia nzima mpaka kwenye shabaha, na huo ndio majirani wanaousikia kwa mbali. Ukiwa chini yake, unabaki na mlio wa mdomo wa mtutu peke yake, ambao mtutu mrefu huupunguza sana. Kuna mzaha wa maumbile hapa: hewa ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, mwendo wa sauti nao unashuka hadi kama futi 1,047, kwa hiyo risasi iliyokuwa kimya mwezi wa Julai yaweza kulia mjeledi mwezi wa Januari, ingawa baridi hiyo hiyo huipunguza baruti kasi kidogo.

Usidhani pia kwamba mwendo mdogo ni wa wanyonge. Wapigaji shabaha wa Olimpiki katika mita 50 hutumia risasi za .22 zilizo chini ya mwendo wa sauti, kwa sababu hutua mahali pamoja kwa uaminifu zaidi, na, jambo ambalo huwashangaza wengi, upepo wa pembeni huzipeperusha kidogo kuliko zile za mwendo mkubwa.

Ukitaka ukimya zaidi ya huo, yapo matoleo ya Quiet-22 yaliyotengenezwa mahususi kwa nusu-otomatiki: risasi nzito kidogo, gramu 2.9, kwa futi 835. Kwenye ile hesabu yetu msukumo wake ni kama 76, na uzito ulioongezwa ndio unaoifidia boliti. Huenda Marlin yako ikazikubali, huenda isizikubali. Nunua boksi moja tu, usinunue kumi kwa sababu ya punguzo. Anza kwa kutia risasi mbili mbili. Ukiona ganda la kwanza limerushwa mbali na la pili limeingia lenyewe, ongeza hadi tano, kisha ujaze. Andika kwenye karatasi ni ngapi zimekwama na kwa namna gani. Hamsini zikipita na moja tu kukwama, kwa kazi ya bustani nisingelalamika.

Njia nyingine, ambayo watu huidharau bila sababu, ni kubaki na hizo ulizo nazo na kuvuta boliti kwa mkono kila baada ya risasi. Bunduki haidhuriki. Unapoteza kasi, lakini unapata ukimya mkubwa zaidi, na mpigaji anayejua kwamba risasi ya pili haiji yenyewe hulenga ile ya kwanza kwa makini. Sharti ni kuvuta kwa ukamilifu mpaka mwisho na kuiachia ijirudie yenyewe. Kuisindikiza mbele kwa mkono ni kutafuta mkwamo mwingine. Na kama ukimya ndio unaoutaka kuliko yote, sema kweli: ulihitaji .22 ya kuvutwa kwa mkono, ambayo hula kila kitu, na iliyotumika hupatikana kwa bei isiyo mbali na uliyolipa.

Kuna vitu viwili nisingependa uviweke kwenye bunduki hii. Cha kwanza ni zile risasi zinazosukumwa na fataki peke yake bila baruti, kama Aguila Colibri ya futi 420; mtengenezaji amekataza zisitumike kwenye bunduki ndefu, kwa kuwa zinaweza kunasa njiani, nawe tayari umeonja hofu hiyo. Cha pili ni zile nzito za gramu 3.9. Msukumo zinao, lakini mifuo (mistari ya mzunguko iliyochongwa ndani) ya mtutu wa kawaida wa .22, inayozungusha risasi mara moja kila inchi 16, haizizungushi vya kutosha, hivyo huyumba na kutoboa karatasi kwa ubavu. Kiwambo cha sauti, yaani kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mlio, nacho huko Marekani kinahitaji kusajiliwa na serikali ya shirikisho chini ya sheria ya mwaka 1934 kabla hujakishika, na cha kujitengenezea gereji bila kibali ni kosa la jinai.

Ukibadili risasi, rekebisha pia darubini ya kulengea. Bunduki iliyolengeshwa mita 50 kwa mwendo mkubwa itapiga kama sentimita 15 hadi 20 chini ukiweka za futi 710. Aliyemlenga sungura kichwani atachimba udongo mbele yake, au kibaya zaidi atamvunja mguu. Kumbuka pia kwamba za futi 710 zina nishati ya jouli 61 hivi, dhidi ya 183 za Mini-Mag: zinafaa kwa mita 20 au 25 ukiwa na hakika ya shabaha, na zaidi ya hapo ni ukatili. Wakati huo huo usiidharau kwa sababu haikupiga kelele. Maboksi ya .22 yamezoea kuonya kwamba risasi yaweza kufika maili moja na nusu, na risasi ya madini ya risasi matupu, inayokwenda polepole, huruka kirahisi ikigonga jiwe, maji au ardhi iliyoganda kwa barafu. Piga kuelekea tuta la udongo.

Wengi wetu tuliotoka Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, tumeijia bunduki tukiwa watu wazima, na tunayajua mashina ya sukuma kuliko sheria zake. Kabla ya sungura wa kwanza, piga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo uulize msimu, leseni na haki za mwenye shamba anayeharibiwa mazao, kisha uulize kaunti yako kuhusu umbali kutoka nyumba za watu. Kama huna uraia, fahamu kwamba sheria ya shirikisho humruhusu mwenye ukaazi wa kudumu kumiliki bunduki, lakini kwa walio na viza za muda kwa kawaida ni marufuku, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Ukiwa na shaka, muulize wakili kabla ya kumuuliza muuza duka.

Kwa fundi nenda bila kuchelewa ukikuta mtutu umeziba, ukiona maganda yaliyopasuka au kuvimba karibu na ukingo, bunduki ikipiga risasi mbili kwa kubonyeza mara moja, au ikiendelea kukwama na risasi za mwendo mkubwa baada ya kusafishwa. Mpelekee bunduki ikiwa tupu, bomba la ndani likiwa limechomolewa, na katika mfuko mdogo umtilie boksi la risasi ulizotumia pamoja na maganda kumi uliyookota, yale yenye masizi na yale yasiyo nayo.